Anayebaki na Nukta Moja

"Jitu zima na ndevu zake linapigana na joka juu ya meza, halafu chokaa inanidondokea mimi!"

"Ndevu zake, joka lake, meza yangu. Wewe kinakuwasha nini, jirani?"

"Kinachoniwasha ni gauni la harusi la watu! Shuka ulione, limekuwa kama limelala kwenye kinu cha unga!"

"Likung'ute. Chokaa si lami."

"Nitaanza kukukung'uta wewe!"

Milango mitatu ilikwishafunguliwa. Nyumba ile ya ghorofa nne ilikuwa na tabia moja: ugomvi wa ngazini haukuachwa uende bure. Wengine walitoka na vikombe vya chai mkononi, na kijana wa ghorofa ya kwanza aliyekuwa na mswaki mdomoni alisahau kabisa kuuzungusha. Juu, amejiegemeza kwenye chuma cha ngazi, alikuwa Shangazi, mwanamke mnene wa kicheko, ambaye watu wote wa pale walimwita hivyo ingawa alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu. Chini yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na pini mbili zikiwa zimebanwa pembeni mwa mdomo, alisimama mshonaji wa ghorofa ya pili. Mshonaji aliweza kutukana na pini mdomoni bila kujichoma. Ni kipaji.

Katikati yao, mkoba begani, viatu vyeupe vya kazini miguuni, alisimama binti wa mshonaji. Wenyewe husema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, na siku hiyo nyasi zilikuwa zimevaa sare ya uuguzi.

"Shikamoo Shangazi," alisema, maana adabu haingoji ugomvi uishe. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, Sista wangu!" Shangazi akachanua. "Panda haraka, wanakungoja wewe. Bila tabibu watakufa wote."

"Msikieni!" mama mtu akawageukia mashahidi wa milangoni. "Nesi mzima, kutwa anasafisha vidonda vya kweli, jioni eti anakwenda kutibu watu wasiokuwepo!"

"Mama, ni muda wa saa mbili tu. Jumamosi."

"Na mwenye mchezo mwenyewe yuko wapi? Siku kumi simwoni ngazini. Alikuwa akipita hapa anapiga mluzi, anaruka vidato viwili viwili kama mbuzi. Sasa hata mluzi siusikii. Amenikimbia?"

Shangazi, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu azaliwe, aligeuza uso. Aliangalia kucha zake. Sista aliona, na moyo ukamshtuka kidogo, kama mtu aliyekanyaga kidato kisichokuwepo.

Kwa asiyejua, jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma Fundi Mihuri wa ghorofa ya tatu alimtuma shangazi yake ashuke kwa mshonaji kupeleka neno. Neno lilikuwa fupi: anampenda Sista, Sista anampenda, anaomba kuja kuzungumza kiutu uzima. Mshonaji hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, tena kwa sauti ya kusikika hadi juu ya paa: "Mwambie huyo mwanao, binti yangu simpi mtu wa kuuguza. Kuuguza anauguza kazini. Nyumbani namtakia mwanamume mwenye afya yake, asiyejua hata mafua. Mwache apite pite hapa nimwangalie. Mwisho wa mwezi nitajibu."

Na mwisho wa mwezi ulikuwa kesho.

* * *

Chumba cha Fundi Mihuri kilinuka wino na mpira uliopashwa moto. Mchana alichonga mihuri ya maofisi, ya shule, ya zahanati, na ukuta mzima ulikuwa na rafu za vipini vidogo vya mbao vilivyojipanga kama watu wanaosubiri zamu. Jumamosi jioni alisukuma mashine yake pembeni, akatandaza kitambaa cha kijani mezani, na chumba kikaacha kuwa karakana. Jua la saa kumi na moja lilipenya pazia la rangi ya chungwa, likamwagika mezani kama chai. Kila Jumamosi Sista aliingia humo akajisikia kama aliyezama majini taratibu, bila hofu, macho wazi.

Mchezo wenyewe haukuwa na ubao wala timu. Mmoja alisimulia, na huyo alikuwa Fundi. Wengine kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi, akamsemea, akamwamulia, na pale ambapo jambo lilikuwa la bahati, dadu ndogo yenye pande ishirini ilirushwa ikaamua. Dereva wa malori, mwenye mgongo mpana kama kabati, alikuwa Mlinzi wa daraja. Mwalimu wa hesabu, mama mkimya wa miwani, alikuwa mwizi wa funguo, tena mwizi hatari. Sista alikuwa tabibu. Shangazi hakucheza. Alikaa kwenye kochi na sweta alilokuwa akilifuma kwa mwaka wa pili, akiwasengenya watu wa hadithini kana kwamba walikuwa majirani.

"Yule malkia wa bonde simwamini," alikuwa akisema Sista alipoingia. "Mwanamke gani hana rafiki hata mmoja?"

"Karibu, Tabibu," alisema Fundi.

Maneno mawili tu. Lakini aliyasema akiwa amemwinulia macho, na macho ya mwanamume yule yalikuwa na uzito wake, hayakukugusa na kuondoka, yalitua. Vidole vyake vilikuwa na wino wa zambarau kwenye kucha, kama kawaida. Tabasamu lake lilikuwa palepale. Kitu kimoja tu hakikuwa cha kawaida: hakusimama. Siku zote alisimama kumvutia kiti.

"Mbona hushuki chini siku hizi?" Sista aliuliza kwa sauti ya chini, akijivutia kiti mwenyewe. "Mama anakuuliza."

"Kazi. Shule zinafungua, kila mwalimu mkuu anataka muhuri mpya."

"Uko sawa?"

"Mzima kabisa."

Alilisema haraka mno, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajachungulia.

Kisha akaanza kusimulia, na chumba kikayeyuka. Palikuwa na bonde lenye ukungu wa rangi ya maziwa. Palikuwa na daraja la kioo, jembamba, ambalo ukilikanyaga linatoa sauti ya kikombe kilichogongwa kwa kijiko, na chini yake mto uliotiririka kwenda juu, kuelekea vilele, kwa sababu katika nchi ile maji yalikumbuka yalikotoka. Fundi aliongea polepole, mikono ikichora hewani. Sista alisikia unyevunyevu wa ukungu ule kwenye shingo yake. Alikuwa hajui lini hasa alimpenda. Pengine ilikuwa Jumamosi ya tatu, alipomsimulia kuhusu mzee anayefuga mwangwi. Mtu mwenye nchi nzima kama ile kifuani, alijiambia, hata mkiwa na chumba kimoja hamtabanana.

Jitu lenye rungu likatokea darajani, likamrukia Mlinzi. Dadu zikarushwa. Rungu likampata Mlinzi begani, ubavuni, kichwani. Kila mtu mchezoni alikuwa na nukta ishirini za uhai, zimechorwa kwenye karatasi yake, na kila pigo lilifuta kadhaa. Dereva alifuta tatu, akafuta saba, akafuta tisa.

"Nimebakiza ngapi?" Akahesabu kwa kidole kinene. "Moja! Nukta moja! Jamani niko hai! Naruka juu ya jitu, nalishika masikio, namalizana nalo!" Akakanyaga sakafu kwa furaha, pu, pu, na chini yao mtu akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

"Chokaa hiyo," Shangazi akanong'ona, akicheka kifuani. "Gauni la watu limekwisha."

Dereva akarusha dadu kwa nguvu zote, ikadunda, ikatoka nje ya meza, ikabingirika chini.

"Naileta," Sista akasema, akainama.

Chini ya meza palikuwa na giza la uvuguvugu. Viatu vyote viliachwa mlangoni. Aliona soksi za Dereva zenye tundu, miguu ya Mwalimu iliyopishana kwa heshima. Na aliona mguu wa kushoto wa Fundi, ndani ya kiatu, mguu pekee nyumba nzima wenye kiatu. Kamba zilikuwa zimelegezwa hadi mwisho. Soksi ilikuwa na doa la manjano lililokauka pembeni, na katikati yake doa lingine ambalo halijakauka. Halafu ikamfikia ile harufu. Ilikuwa nyembamba, imejificha chini ya wino na mpira. Mtu mwingine asingeisikia. Lakini yeye miaka sita alikuwa chumba cha vidonda, na pua yake ilikuwa imesoma zaidi yake.

Akakaa pale chini, ameshika dadu, magoti sakafuni. Kumbe ndiyo maana hakuna mluzi.

"Sista," Dereva akaita, "umepotelea pangoni?"

Alipoinuka, uso wake ulikuwa umetulia sana. Wagonjwa wake waliujua utulivu ule. Ulikuja kabla ya mkasi.

"Jitu limekufa?" akauliza.

"Bado, lete dadu."

"Ngoja kwanza. Mlinzi anaumia wapi?"

Dereva akaangalia karatasi yake. "Imebaki moja."

"Sikuuliza ngapi. Nimeuliza wapi."

Wakatazamana. Fundi akakohoa. "Hilo halimo kwenye sheria, Tabibu. Nukta ni nukta. Zikiwepo, mtu yuko sawa. Zikiisha, ameanguka. Na sasa wakipiga kambi, wakalala, asubuhi zinarudi zote ishirini. Ndivyo tulivyocheza siku zote."

"Miezi minne nacheza, na miezi minne linanikera. Mtu amevunjwa bega, amepasuliwa kichwa, amebaki na nukta moja. Anakimbia kama mwenye ishirini. Anaruka kama mwenye ishirini. Hata mkono hautetemeki! Halafu analala usiku mmoja, anaamka mpya. Kidonda gani hicho? Mimi kidonda kidogo tu cha mguu..." Akamtazama Fundi. "Kidonda kidogo tu cha mguu kinanichukua wiki sita, na hapo mwenyewe awe amekileta mapema."

Kalamu ya Fundi ikasimama.

"Nikiandika maumivu yote," alisema taratibu, "nani atakuja? Mwangalie Dereva. Wiki nzima usukani umemla mgongo. Mwalimu hapa, magoti yake na zile ngazi za shule, hasemi lakini naona anavyokaa. Wanakuja kwangu kwa muda wa saa mbili wawe na miili isiyouma. Sina kitu kingine cha kuwapa."

Mwalimu wa hesabu akavua miwani, akaipangusa, ingawa haikuwa chafu.

Maneno yale yalimwingia Sista, na kwa kitambo hasira ilimponyoka. Huyu ndiye aliyempenda. Mtu aliyeona magoti ya watu. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye rafu, na mihuri yote ilivaa ukingo wa dhahabu, na angeweza kunyamaza, dadu ikarushwa, jitu likafa, wakarudi kwenye lile daraja la kioo. Ilikuwa rahisi hivyo. Nusu yake alikuwa bado amesimama kule, ukungu shingoni.

"Ni zawadi nzuri," alisema. "Nakwambia kweli. Lakini huyu mtu wa nukta moja mimi namjua. Nimeishi naye nyumba moja."

Shangazi akaacha kufuma.

"Baba yangu alikuwa fundi wa lifti. Kila aliyemuuliza hali alimjibu 'mzima kama chuma'. Alipanda na kushuka na mizigo, akaimba bafuni, akanibeba mgongoni nikiwa na miaka kumi na miwili, nimeshakuwa mzito. Hatukuona lolote. Daktari alikuja kutuambia baadaye kwamba ule moyo ulikuwa umechoka kwa miaka. Kwa miaka! Alikuwa na moja, anatembea kama mwenye ishirini. Asubuhi moja akafunga kamba ya kiatu kimoja, cha pili hakukifikia." Sauti yake haikukatika; ilipungua tu, kama redio inayopelekwa chumba cha pili. "Kwa hiyo sitaki mchezo huu, Fundi. Sitaki kumpenda mtu ambaye nitajua kuwa anaumwa siku ameanguka. Wewe una ngapi?"

"Tabibu..."

"Una ngapi?"

"Ishirini," alisema Fundi, na masikio yake yakawiva.

"Vua kiatu."

Ndipo alipoona kuwa Fundi hamtazami yeye. Alitazama juu ya bega lake, mlangoni, na rangi ilikuwa imemtoka. Sista akageuka. Mama yake alikuwa amesimama pale, gauni jeupe limelala mikononi mwake kama mtoto aliyesinzia, chokaa begani mwa gauni. Alikuwa amepanda kugomba. Ni wazi alikuwa pale tangu hadithi ya kamba ya kiatu, maana pini zake hazikuwa tena mdomoni. Alizishika kiganjani, amezibana.

"Karibu jirani," Shangazi akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo.

Mshonaji alibaki kizingitini. Alikuwa akimwangalia Fundi, na Fundi alijua maana ya kuangaliwa kule. Wiki tatu alikuwa akingoja macho yale.

Akasimama. Sista alitaka kumzuia, akachelewa. Alisimama wima, akatabasamu, akapiga hatua moja kwenda mlangoni kumpokea mgeni, hatua nzuri, ya mwanamume asiyejua hata mafua. Akapiga ya pili. Jasho likamtoka juu ya mdomo, matone madogo, yote kwa pamoja. Hatua ya tatu ilikuwa pale, mbele yake, tupu. Dereva alinyanyua mkono kumdaka. Sista aliwaza, kwa uchungu uliomshangaza mwenyewe: ukiipiga hiyo hatua, nimekukosa.

Fundi hakuipiga. Alimtazama mshonaji, akamtazama Sista, akashika ukingo wa meza, akakaa. Akainama, akaanza kulegeza kiatu.

"Naumwa, mama," alisema akiwa bado ameinama. "Nilitaka kukuficha. Nimeshindwa."

Bamba la moto la mashine lilimwangukia siku kumi zilizopita, siku ya tarehe ya kukabidhi mihuri ya shule tatu. Soksi ilipotoka, Mwalimu aligeuza uso. Juu ya mguu palikuwa na kidonda kipana kama kiganja cha mtoto, chekundu pembeni, na katikati kimefunikwa na utando mweupe wa ajabu uliopasuka pasuka.

Sista akainama, akatazama. "Umepaka nini?"

Fundi alitazama rafu za mihuri.

"Nakuuliza umepaka nini?"

"Dawa ya meno."

"Ee!" Shangazi akaruka kutoka kochini. "Kumbe wewe! Mimi nanunua, inaisha, nanunua, inaisha, nikajua mtu huyu anasugua meno usiku kucha kwa ajili ya harusi!"

Dereva aliangua kicheko kilichotikisa meza, Mwalimu naye, na hata Fundi, machozi ya maumivu machoni, akacheka. Mshonaji peke yake hakucheka.

"Maji," alisema Sista. "Ya uvuguvugu, yaliyochemshwa. Na beseni safi."

Mkoba wake ulifunguliwa, chachi zikatoka, mkasi ukatoka. Alipiga magoti na kuuweka mguu ule juu ya paja lake, juu ya sare yake nyeupe. Maelfu ya miguu ilikuwa imepita mikononi mwake; ya wazee, ya waendesha pikipiki, ya watoto wanaopiga mateke. Hakuna hata mmoja uliowahi kumfanya asikie damu yake mwenyewe masikioni. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa Fundi zaidi ya kupeana mikono kwa salamu. Alimimina maji, akaondoa ule utando kidogo kidogo, na kila chachi ilipopita alihisi mguu ukikaza, ukilegea, ukikaza. Hakuinua macho. Alijua akiinua atalia, na mtu hasafishi kidonda kwa machozi.

"Kinauma?" akauliza.

"Kidogo."

Mkono wake ukasimama.

"Kinauma sana," Fundi akasema. "Usiku silali. Nikifumba macho naona ile nyekundu. Na juzi nilihisi homa, nikaogopa, nikawa sina wa kumwambia, kwa sababu mtu niliyetaka kumwambia ni wewe."

Wakati huo ndipo alipoinua macho. Pazia lilipumua ndani, likapumua nje, na mwanga ukasogea usoni pake kama maji ya ule mto unaopanda. Kama kulikuwa na watu wengine chumbani, wawili wale walikuwa wamewasahau.

Ila watu walikuwepo, na mmoja wao akarudisha roho zao mahali pake.

"Nilisema," mshonaji alisema kutoka mlangoni. "Nilisema simpi mtu wa kuuguza. Na tazama. Hata posa bado, tayari amepiga magoti."

"Mama..."

"Siku kumi! Mguu unaoza juu ya kichwa changu, mimi nashona chini yake, na siambiwi! Ndicho hasa nilichokuwa nakikimbia. Hiki hiki."

"Uliyasema ngazini, mama," Fundi alisema kwa upole. "Unamtaka asiyejua hata mafua. Nilikuwa mzima siku hiyo. Ningekuja na mguu huu, ungenifungulia?"

Mshonaji akalihamishia gauni mkono mwingine. Shangazi, na hili alisifiwa nalo mwaka mzima, alinyamaza.

Sista hakuacha kufunga bandeji. Aliongea akiizungusha, mzunguko juu ya mzunguko, kama anayemsimulia mtoto.

"Mama, huyo mtu asiyeumwa hayupo. Nimemtafuta hospitali nzima, hata madaktari wetu wana vidonda vya tumbo. Ukinitafutia yeye, utaniletea mwongo. Wewe mwenyewe ulipewa mtu kama chuma. Mimi niachie huyu, aliyekaa chini mbele yako na kusema 'naumwa'. Ameogopa kuliko alivyoogopa lile bamba, na amesema."

Mzunguko wa mwisho. Akabana. Mguu ukabaki mapajani mwake, mweupe, safi, hakuharakisha kuutua.

Mshonaji aliingia ndani. Alipita rafu za mihuri, akapita Dereva aliyempisha kwa adabu, akaketi kwenye kiti ambacho binti yake alikiacha wazi, gauni mapajani. Kwa muda aliangalia zile karatasi za mezani, nukta zilizofutwa na zile ambazo hazijafutwa, bila kuuliza ni za nini.

"Miaka ishirini na sita," alisema. Hakuwa akimwambia mtu hasa. "Kila asubuhi nilimuuliza, umeamkaje? Kila asubuhi, mzima kama chuma. Hata asubuhi ile. Nilikuwa na hasira naye siku nyingi, mkidhani ni majonzi. Nilikuwa namwambia kaburini, ungenipa hata siku moja nikuuguze, mwanamume wewe. Hata siku moja tu." Akapangusa chokaa kwenye bega la gauni, taratibu, ikatoka yote. "Nikasema mwanangu asipewe mtu wa kuuguza. Kumbe mimi ndiye niliyenyimwa."

Nje, chini barabarani, mtu alipita akiita jina la paka wake.

Mshonaji akanyanyuka, akakunja gauni juu ya mkono.

"Wewe," alimwambia Fundi.

"Naam, mama."

"Umeamkaje leo?"

Fundi alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayesoma barua kabla ya kuijibu.

"Vibaya, mama. Sasa hivi nina nafuu kidogo. Na nina njaa."

Kitu kikatikisika kwenye pembe ya mdomo wa mshonaji, pale pini zilipozoea kukaa. Alitoka. Walisikia ndara zake zikishuka, kidato kwa kidato, mlango wa chini ukafunguka, na haukufungwa. Halafu sufuria. Halafu sahani, na Shangazi aliyekuwa na masikio ya kazi hiyo akahesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Dereva, mshike upande wa kulia," alinong'ona, akitafuta ndara zake kwa fujo. "Sista, kushoto. Mwalimu, beba viti, kule kwake viko vinne tu, mimi najua. Upesi kabla hajabadili mawazo!"

Wakashuka. Vidato kumi na vinne, na vyote vilichukua muda mrefu kuliko daraja lolote. Fundi aliegemea bega la Sista kwa uzito wake wote, hakujizuia, na uzito ule ulikuwa mtamu. Pumzi yake ilipita karibu na sikio lake. Milango ilifunguka mmoja mmoja, vikombe vikatokeza, kijana wa ghorofa ya kwanza akapanda nusu ya ngazi ili aone vizuri, na kwa mara ya kwanza Sista hakujali nani anaona nini.

"Pumzika hapa," alimwambia katikati ya ngazi.

"Naweza kuendelea."

"Unaweza, au mguu unauma?"

"Unauma," alisema, akatabasamu, akapumzika.

Mlango wa mshonaji ulikuwa wazi hadi ukutani. Cherehani ilisukumwa pembeni, meza ilitandikwa, mvuke ulipanda kwenye sufuria. Alisimama kizingitini, taulo begani, jagi la maji ya kunawa mkononi, na aliwatazama wote watano kama mtu anayepima kitambaa. Akamtazama Fundi mwisho.

"Mmekawia, kinapoa," alisema. "Dereva, ukikanyaga sakafu yangu kwa kishindo utakula nje. Jirani, kaa mbali na gauni la watu." Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ile aliyoitumia ndani ya nyumba yake tu, na akasogea kando kumpisha. "Ingia, mwanangu. Egemea hapa. Ingia ule."